Paa la Jengo Namba Saba

Kwa miaka kumi na minane Kizibo alishika kanuni moja kazini: hakuweka sahihi chini ya neno "Imeonekana" kama hakusimama mahali penyewe kwa miguu yake miwili. Kisha akaivunja miaka mitatu mfululizo, na hakuna aliyejua.

Alikuwa mkaguzi wa majengo katika shirika la nyumba. Majengo yake yalikuwa kumi na moja, kila moja la ghorofa nne, na juu ya kila paa la zege palikuwa na matangi ya maji. Kila mwaka kabla ya mvua alipaswa kupanda kila paa, akague matangi na misingi inayoyabeba, ukuta mfupi unaozunguka paa na matundu ya kutolea maji, halafu ajaze fomu. Upande wa kulia wa fomu palikuwa na safu mbili tu: Imeonekana, Haikuonekana. Chini kabisa kulikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya mkaguzi mwenzake, ambaye alipaswa kuhakikisha kwamba wa kwanza amefanya kazi kweli. Mwenzake huyo alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe.

Kila paa lilifikiwa kwa ngazi ya chuma iliyopigwa ukutani kwenye ghorofa ya juu. Ngazi iliishia mbali kidogo na tundu la dari, kwa sababu fundi aliyeijenga alibana vyuma na hakuna aliyemuuliza. Hapo mpandaji alishika ukingo wa tundu kwa viganja na kujivuta mpaka kiuno kipite. Kijana hakuona taabu. Kizibo alipofika miaka arobaini na sita na kilo mia moja na kumi na tatu, kifua kilipita, tumbo likabaki.

Mtunza jengo namba saba, mwanamke aliyeitwa Mama Funguo kwa ajili ya shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, aliwaita wapangaji wawili. Wakamvuta kwa miguu. Vifungo vya shati vikaruka kimoja kimoja.

"Jamani, tulikuwa tunatafuta kizibo cha dari," Mama Funguo alisema, "kumbe tunacho!"

Wiki haikuisha kabla jina hilo halijafika ofisini. Bosi naye akalitumia, tena mbele ya wageni. Mapaa ya mwaka huo Kizibo aliyamaliza yote kwa kusukumwa na watu kutoka chini.

Mwaka uliofuata Kizibo alifika chini ya ngazi ya jengo namba saba, akaitazama, akamgeukia Mama Funguo.

"Huko juu kunavuja?"

"Sijasikia mtu akilalamika."

Akakaa kwenye ngazi za saruji, akatoa fomu ya mwaka uliopita, akainakili neno kwa neno na kubadilisha tarehe. Majengo mengine kumi akayafanyia vivyo hivyo. Shemeji yake alitia sahihi bila kuuliza, maana kwake shemeji akisema ameona, ameona. Uongo wa mwaka wa kwanza ulimnyima Kizibo usingizi siku mbili. Wa tatu ulimchukua asubuhi moja, chai ikiwa mkononi.

Watu wengi hudhani dhamiri hufa kwa kishindo. Haifi hivyo. Husinzia, kama mlinzi aliyeona kwamba hakuna anayepita.

Dhamiri ya Kizibo iliamshwa na mpangaji. Siku chache baada ya fomu za mwaka wa tatu, mama mmoja wa ghorofa ya juu ya jengo namba saba, mwenye mtoto wa miezi miwili begani, alimsimamisha koridoni.

"Samahani, Mzee. Wewe si ndiye mkaguzi?"

"Ndiye."

"Kitanda cha mtoto kiko chini ya matangi kabisa, chumba chenyewe hakina pengine pa kukiweka. Usiku nasikia kitu kinakwaruza huko juu. Kuko salama kweli?"

"Salama kabisa, mama. Nimeona mwenyewe."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi nitalala."

Miaka mitatu alikuwa amedanganya karatasi. Karatasi haina mtoto begani. Kizibo aliteremka ghorofa nne akiwa ameshika ukuta, na tangu siku hiyo kila alipopita pale chini aliinua macho kutazama dirisha la yule mama.

Njia ya haki ilikuwa wazi: kwenda kwa bosi na kusema, siwezi tena kupanda, na sijapanda miaka mitatu. Hakwenda. Mkaguzi asiyeweza kupanda hupelekwa stoo, na yeye hakutaka stoo. Aliamua kwanza mwili urudi, apande, aone kwa macho yake kama kuna hatari, halafu ndipo ajue la kusema. Huo haukuwa ujasiri, na isiandikwe kwamba ulikuwa.

Njiani kwenda kazini kulikuwa na ghala kuukuu lililong'olewa mabati, limebaki kuta tu, nyingine za magotini, nyingine za juu ya kichwa. Alfajiri watu wanane walifanya mazoezi humo. Mchezo wao uliitwa parkour: kukimbia, kuruka kuta, kupanda na kutua bila kifaa chochote. Kizibo alikuwa amewapita mara nyingi akiwaona wapuuzi. Asubuhi moja alimwona kinyozi wa mtaa wa pili akishika ukingo wa ukuta mrefu, akainua kifua, akaegemeza kiwiko, akapitisha kiuno na kukaa juu. Kizibo akasimama. Ilikuwa ile ile hatua iliyomshinda kwenye tundu la dari.

Aliyewafundisha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpiga rangi wa majengo marefu, mwembamba, mwenye viganja vigumu kama soli. Wote walimwita Kocha.

"Mzee, umepotea," aliuliza, "au shirika limekutuma utufukuze?"

"Nataka kujifunza hicho."

"Kipi?"

"Hicho cha kupitisha kiuno."

Kinyozi akadakia kutoka juu ya ukuta. "Mzee, kiuno hicho kinahitaji kibali cha ujenzi!"

Watu wakaangua kicheko. Kizibo hakucheka, wala hakuondoka.

"Kinyozi, funga mdomo," Kocha alisema. "Wewe ulipokuja hapa ulikuwa ukipanda kitanda unahema." Kisha akamgeukia mgeni. "Una presha? Sukari? Magoti je?"

"Presha kidogo. Na goti la kushoto."

"Nenda kwa daktari kwanza, uniletee neno lake. Na ujue kabisa, miezi mitatu ya mwanzo huruki kitu. Utatembea, utatambaa, utaning'inia. Ukitaka kuruka upesi, kuna madirisha mengi mjini."

Walikuwa na desturi moja ambayo haikuwa na msamaha. Kabla ya kuruka, kila mtu alikwenda mwenyewe mpaka mahali atakapotua, akapagusa kwa kiganja, akatazama kama pana mchanga, umande au tofali linalocheza, akarudi, akasema kwa sauti: "Nimegusa." Hata kama watu sita wameruka hapo sasa hivi, wa saba aligusa. Akishasema, wengine walipisha njia na hawakumuuliza tena.

Kizibo alianza kwa kutembea juu ya ukingo wa barabara bila kuyumba. Ikawa kazi. Akatambaa kwa mikono na miguu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, tumbo likikaribia kufagia chini. Siku ya kwanza ya kuning'inia alihesabiwa sekunde nne, akaanguka kwa makalio. Kocha alimfundisha kushuka hatua moja tu, kutua kwa vidole bila sauti, magoti yakilegea. Alitua kama gunia la saruji. Mwezi mzima alitua hivyo hivyo.

Nyumbani alisema daktari ndiye aliyemwamuru. Mkewe alimpaka mafuta kwenye viganja vilivyochubuka, akasikitika kwa namna yake.

"Baba, umri huu wenzako wananunua kiti cha kuegemea. Wewe unanunua vidonda."

Binti yao, aliyekuwa akimalizia shule, alimkuta siku moja akifanya zoezi la kutambaa sebuleni kati ya meza na kochi.

"Mama, njoo! Tumepata mtoto mwingine, tena ameshaanza kutambaa!"

Aliacha sukari na sahani ya pili. Mwezi wa nne mizani ilionyesha kilo mia moja na mbili, na aliweza kuning'inia nusu dakika. Watu wa ghalani wakamzoea. Kinyozi akawa anamnyoa na kumtania kwa pamoja, jambo ambalo si kila kinyozi analiweza.

Mwezi wa tano Kocha alimruhusu kuruka kwa mara ya kwanza: kutoka ukuta wa magotini hadi mwingine wa magotini, hatua moja ndefu. Ili kugusa alipotakiwa kutua, ilibidi ashuke, azunguke rundo la kifusi, aende na kurudi. Alikuwa anahema. Sita walikuwa wamekwisha kugusa na kuruka mbele ya macho yake. Akapanda ukuta wake moja kwa moja na kuinua mkono.

"Nimegusa!"

Kocha akaja akasimama mbele yake. "Shuka."

"Kuna nini?"

"Shuka, Mzee. Hukugusa."

"Kinyozi kagusa sasa hivi, nimemwona."

"Kinyozi kagusa kwa ajili ya kinyozi."

"Ukuta si ule ule, Kocha?"

"Ni ule ule. Ungeruka ungefika, sibishi. Lakini mimi nakaa hapa nasikiliza sauti zenu. Nikisikia 'nimegusa' nageuza uso, namtazama mwingine. Siku nisipoweza kugeuza uso, sina kikundi." Akashusha sauti. "Na hilo neno halikukutoka kwa bahati mbaya. Limekutoka kama mtu aliyelizoea."

Kinyozi aliinama akafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa.

"Wiki mbili usije," Kocha alisema. "Unene tunaupunguza, Mzee. Hili sisi hatuna mazoezi yake."

Mtu wa miaka arobaini na tisa aliyefukuzwa na mpiga rangi mbele ya kinyozi ana sababu nyingi za kutorudi. Kizibo alizitafuta zote katika wiki hizo mbili. Tatizo lake ni kwamba Kocha alikuwa amelijua jambo ambalo hakuambiwa: hakuwa amesikia habari ya fomu wala paa, lakini alikuwa ameyasoma yote katika neno moja. Siku ya kumi na tano alfajiri Kizibo alirudi ghalani. Hakujitetea.

"Siku ile sikugusa," alisema.

"Haya," Kocha akajibu. "Anza na kutembea."

Mwezi wa nane aliupanda ukuta mrefu. Alishika ukingo, akavuta, akaegemeza kiwiko, akatulia, akavuta tena, kiuno kikapita. Alikaa juu akiwa ametapakaa vumbi la tofali, na Kinyozi akatangaza kwamba kibali cha ujenzi kimetoka. Siku iliyofuata, wiki tatu kabla ya msimu wa ukaguzi, Kizibo alimwomba Mama Funguo ufunguo wa jengo namba saba.

Mama Funguo alimfuata mpaka juu, akisema anakuja kuokota vifungo. Kizibo alipanda ngazi, akapapasa ukingo wa tundu kama lina ufa, akajivuta. Miguu ikapotea juu.

"Haloo!" Mama Funguo akapiga kelele koridoni. "Kizibo kimezibuka!"

Juu ya paa Kizibo alisimama bila kusogea. Fomu zake zilisema matangi mawili ya chuma, yana kutu kidogo, yanafaa. Mbele yake palikuwa na matangi matatu ya plastiki, meusi, juu ya misingi mipya ya zege.

"Mama Funguo! Matangi haya yameletwa lini?"

"Hayo? Si mafundi bomba, mwaka juzi! Waliyavuta kwa kamba kwa nje." Akaja mpaka chini ya tundu. "Kwani hukuyaona?"

Kizibo alikagua kila kitu taratibu. Misingi haikuwa na ufa. Ukuta wa kuzunguka paa ulikuwa imara, matundu yalikuwa wazi. Mkwaruzo aliosikia yule mama mwenye mtoto ulitoka kwenye boya la tangi la katikati, lililokuwa likisugua ukuta wa tangi kila maji yalipopanda. Alikunja waya wa boya kwa mkono, mkwaruzo ukakoma. Hapakuwa na hatari yoyote, na haikuwa imewahi kuwapo.

Kwa siku kumi na mbili alipanda majengo mengine kumi. Mawili yalikuwa na matundu yaliyoziba kwa majani, akayazibua. Mengine yalikuwa mazima. Kama angetaka kunyamaza, dunia nzima ilikuwa imempa ruhusa. Palibaki jambo moja. Akijaza fomu mpya kwa haki, jengo namba saba lingekuwa na matangi matatu ya plastiki, na yeyote atakayelinganisha tarehe za mafundi bomba angeona kwamba mkaguzi aliona kwa miaka miwili vitu visivyokuwapo.

Jumapili alimwita shemeji yake nyumbani, akamweleza yote, mkewe akisikiliza mlangoni.

"Kuna aliyeumia?" shemeji aliuliza.

"Hakuna."

"Kuna kilichoanguka?"

"Hakuna."

"Sasa unashtaki nini, shemeji? Hewa? Andika yamebadilishwa mwaka huu, yameisha. Nani atakwenda kufukua mafaili?"

"Hiyo itakuwa fomu ya nne."

"Na mimi je? Sahihi yangu iko chini ya yako."

"Nitaandika kwamba uliniamini."

Shemeji akacheka bila furaha. "Ukiandika nilikuamini, umeandika sikukagua. Mimi sikuajiriwa kuamini watu. Mwezi ujao wanachagua mkaguzi mkuu, na wewe unajua nani anangojea."

"Najua."

"Unajua, na bado?"

Mkewe akaingia. "Mungu kakusitiri, Baba, na wewe unajivua nguo barabarani! Kama ni kujivua, jivue peke yako. Kaka yangu kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi?"

"Basi kuna mama kule juu nilimwambia nimeona."

"Si yuko salama?"

"Yuko salama. Lakini hakulindwa na mimi."

"Umepata kiuno," mkewe akasema, "umepoteza akili."

Shemeji aliondoka bila kumaliza chai. Kutoka hapo hadi kwenye lango alisimama mara mbili kana kwamba angeitwa. Hakuitwa.

Lawama ya mkewe ilikuwa na uzito, na Kizibo hakuweza kuipangua. Kusema kweli kwa ajili ya nafsi yako ni jambo jema. Kusema kweli inayomwangukia mwingine ni jema pia, lakini halifurahishi, na anayelifanya asitegemee kushukuriwa. Ukweli wenyewe ni kwamba shemeji naye alikuwa na kosa. Alilipwa kukagua na hakukagua. Kosa hilo lilianza kwa kumheshimu mtu wa familia, na ndiyo maana ofisi zote zina sheria ya sahihi mbili, na ndiyo maana sheria hiyo haifanyi kazi wanapoikabidhi kwa mashemeji.

Kabla ya kupeleka barua, Kizibo alipanda tena jengo namba saba na kubisha mlango wa yule mama. Mtoto sasa alikuwa akisimama kwa kushika kiti.

"Mwaka jana nilikuambia nimeona. Sikuwa nimeona. Sasa nimepanda, ni salama, na ule mkwaruzo nimeuondoa."

Mama yule alimnyanyua mtoto. "Kwa hiyo mwaka mzima nimelala juu ya neno lako la bure."

"Ndiyo."

"Na leo nikuamini kwa nini?"

Mlango ukafungwa, si kwa kishindo.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilitaja miaka, namba za majengo, matangi ya chuma ambayo hayakuwapo, mapaa yote aliyoyapanda sasa, na kwamba mkaguzi wa pili alitia sahihi kwa kumwamini wa kwanza. Bosi aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hivi unajua kwamba sasa hivi unapanda vizuri kuliko mkaguzi yeyote niliye naye?"

"Najua."

"Na unajua siwezi kukupandisha tena paa lolote?"

"Najua, Bosi."

"Ungenyamaza, nisingejua maisha yangu yote."

"Ndiyo."

Bosi akavaa miwani, akavuta faili.

Alihamishiwa stoo, akawa mgawaji wa makopo ya rangi, vitasa na balbu, kazi ambayo hufanywa ukiwa umekaa. Anaendelea kwenda ghalani alfajiri mara tatu kwa wiki; hakuna kanuni ya shirika inayomkataza. Nyumba aliyokaa kwa cheo cha ukaguzi alitakiwa kuiacha katika siku tisini, na familia ikahamia vyumba viwili upande wa pili wa mji, ambako binti analala sebuleni. Shemeji alipewa barua ya onyo, na nafasi ya mkaguzi mkuu ikaenda kwa mtu mwingine. Huu ni mwaka wa pili hajakanyaga nyumbani kwa dada yake. Dada humtembelea peke yake kila mwisho wa mwezi, na akirudi haelezi walichozungumza. Miaka mitatu ya fomu za uongo ilimgharimu Kizibo kazi aliyoipenda, nyumba, na shemeji ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kumwamini.